Koti la Bwana Malale

Juzi mjukuu wangu aliweka pasi juu ya sweta lake la shule, akaitikia hodi mlangoni, akaisahau. Sweta halikuungua. Nilifika wakati sufu imepata moto wa kutosha tu kutoa ile harufu nzito, kama ya mbuzi aliyenyeshewa anayejikausha karibu na jiko. Nilizima pasi nikakaa chini palepale, mtoto akadhani nimepandwa na presha. Nilimwambia aende shule, asinisumbue. Harufu ile ni ya koti la baba yangu, koti la kuendeshea pikipiki lililokuwa na waya wa umeme ndani yake, lililotengenezwa nyumbani kwetu Tabora kwa mikono ya mama na akili ya jirani yetu. Nimelinyamazia koti hilo tangu nikiwa darasa la tatu, na sasa nimechoka kulinyamazia.

Baba alikuwa mtumishi wa afya na kazi yake ilikuwa moja, kutafuta malale. Alizunguka vijijini akiwatoboa watu vidole, akapaka tone la damu kwenye kioo chembamba, na jioni akarudi na vioo hivyo ndani ya sanduku la mbao lililofungwa nyuma ya pikipiki ya idara. Kesho yake alivitazama kwa hadubini. Aliyekutwa na vijidudu mapema alichomwa sindano akapona. Aliyechelewa, vijidudu vilimpanda kichwani, akawa anasinzia mchana na tonge liko mkononi, na wengi wa hao hawakurudi nyumbani. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba watu walimwita Bwana Malale, na kwamba sanduku lilitoka kwetu tupu likarudi na damu.

Vijana wa siku hizi ukiwaambia Tabora kuna baridi wanacheka, maana wanaijua Tabora ya mchana. Wa rika langu mnazikumbuka zile alfajiri za kipupwe, tulipokuwa tunakwenda shule tumeficha mikono kwapani. Sasa mweke mtu juu ya pikipiki saa kumi na moja alfajiri, apigwe na upepo ule kifuani kwa saa mbili. Mwaka mmoja kabla ya koti, baba alirudi safari akitetemeka, akalazwa kwa homa ya mapafu, tukamsomea Yasini mara mbili. Alipotoka, daktari alimwambia mbele ya mama kwamba pafu moja limebaki na kovu, na kwamba kifua kikipigwa tena na baridi ya namna ile asitegemee kuamka. Mama alisema aombe kazi ya ofisini. Baba akasema hayupo mwingine wa kwenda. Ilikuwa miaka ya Operesheni, watu wanahamishwa kutoka kwenye nyumba zao za hapa na pale wakapange nyumba za mstari katika vijiji vya ujamaa, na baadhi ya vijiji hivyo vilikatwa ndani ya msitu wenyewe wa mbung'o, wale nzi wanaoambukiza malale. Ilibidi afike kabla watu hawajatawanyika kwenda shamba, kwa hiyo ilibidi aondoke na giza.

Jirani yetu Fundi Kassimu alikuwa amestaafu karakana ya reli. Alikuwa na hita ya umeme iliyoachwa na mkubwa mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao, na katika hita ile ulikuwemo waya uliosokotwa kama spiringi. Aliunyoosha, akaukata, akaunganisha kipande na betri ya pikipiki, akakishika kwa vidole huku akihesabu kimoyomoyo. Akakata kingine. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu na vidole vyake viliota malengelenge. Alimweleza mama jambo ambalo mama alilirudia miaka mingi baadaye kila alipotaka kutuonyesha kwamba umeme si mchezo.

"Waya ukiwa mfupi utamuunguza mumeo. Ukiwa mrefu atakuwa amevaa mzigo bure. Mimi nitakupa urefu wake, wewe usipunguze hata inchi moja."

Mama hakupunguza. Alikuwa fundi cherehani na hakupenda kufundishwa, lakini kwa waya ule alikuwa mpole. Alichukua blanketi la sufu la kijivu alilolipangia foleni asubuhi mbili kwenye duka la ushirika, akalikata vipande viwili, akavishona pamoja na kuacha njia nyembamba katikati, kama upindo wa sketi unaopitishiwa lastiki. Njia hizo zilipanda na kushuka mgongoni na kifuani, zikakwepa makwapa, kwa sababu waya ukikunjwa kila siku unakatika. Akaupitisha waya humo kwa pini, akafunika juu kwa kaki nzito. Kwenye pindo la chini ulining'inia mkia wa waya wenye plagi, na baba, kwa kuhofia kifua, aliuchomeka kila alipopanda pikipiki, hata mchana. Kwenye pikipiki, Fundi Kassimu alitoboa chini ya kiti, akatoa nyaya mbili, mwekundu na mweusi, zikatokeza kando ya kibebeo, pale pale sanduku la damu lilipofungwa. Naomba mkumbuke waya mwekundu ulipotokea, maana mimi niliuona kabla sijaambiwa betri iko upande gani.

Siku ya kulijaribu, baba aliwasha pikipiki uani akiwa amevaa koti. Mama alikuwa amelipangusa kwa maji, na baada ya dakika chache mvuke ukaanza kutoka shingoni mwa baba, polepole, na ile harufu ikaja. Mama alitia mkono ndani ya koti akacheka kwa furaha. Mimi nilirudi nyuma mpaka ukutani. Nilimwona baba yangu anafuka moshi akiwa amesimama, na kila mtu anafurahi.

Sasa nimlete Kabula. Kabula alikuwa rafiki yangu, na nikisema rafiki simaanishi mtoto wa kucheza naye tu. Wazazi wake walilima nje kidogo ya mji, tukasoma naye tangu la kwanza, tukigawana kalamu moja ya risasi iliyokatwa kati. Kwao walikuwa Wanyamwezi wa Kanisa, sisi Waislamu, na mama yake na mama yangu waliitana dada. Operesheni ilipofika nyumba yao ilihesabiwa, lori likaja, wakapelekwa kijiji kipya kilichokuwa kwenye ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Jina la kijiji silitaji, wajukuu wa watu wale wapo. Kila Jumamosi Kabula alikuja mjini na mama yake kuuza asali na uyoga mkavu, wakapumzika kwetu. Alinisimulia juu ya mbung'o waliowauma hadi juu ya nguo. Alinionyesha alama shingoni, akazicheka.

Mwezi ule ule koti lilipoanza kutumika, mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba damu ndiyo inayotia mwili joto, na kwamba mtu akifa anapoa kwa sababu damu imesimama. Nililichukua neno hilo nikaenda nalo nyumbani. Jumapili, baba akiwa amepumzika na sanduku likiwa tupu, nililishika koti ukutani. Lilikuwa baridi. Jumatatu jioni akarudi, sanduku limejaa vioo vyenye madoa mekundu, nikalishika tena kabla hajalivua. Lilikuwa la moto. Nilifanya hivyo wiki tatu na jibu halikubadilika. Halafu nikaenda nyuma ya pikipiki nikaufuata waya mwekundu kwa kidole, ukaishia chini ya sanduku.

Nilimuuliza mama, mara moja tu, damu ya watu inakwenda wapi. Alikuwa amebana pini midomoni na shati la mteja liko chini ya sindano.

"Ndiyo inayomwezesha baba yako kufanya kazi yake," akasema. "Hebu nipishe mwanga."

Wala hakudanganya. Lakini kwangu mambo yalikuwa yamekwisha. Baba akipigwa na baridi atakufa, daktari alisema. Koti linamkinga na baridi. Koti linapata moto kwa damu. Usiku baba alipovua shati niliona mistari myekundu mgongoni mwake, inapanda na kushuka kama ile njia ya waya, nikaona ndiyo mahali damu inapoingilia. Kila mtoto wa enzi zetu alitishiwa na mumiani, yule mtu anayenyonya damu za watu, na wakubwa walipotutisha naye hawakutuambia kwamba anaweza kuwa baba yako, anayekuletea miwa.

Sasa nitasema jambo ambalo ndilo gumu. Sikuchukia. Sikutaka baba aache. Nililala kitandani nikiwaza watu wa vijiji nisivyovijua wakitoa tone mojamoja ili baba yangu asipoe, nikaona ni sawa, wao wengi na yeye mmoja. Nilikuwa na miaka tisa na hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu yangu. Kilichonikosesha usingizi ni siku niliyomsikia baba akimwambia mama kwamba Jumanne atakwenda kijiji kile cha kwenye njia ya misafara, kwa sababu taarifa zimekuja kwamba malale imeingia, na kwamba hataacha mtu hata mmoja bila kumtoboa.

Jumamosi Kabula alipokuja nilimvuta nyuma ya choo. Nilimwambia yote, waya, sanduku, mistari mgongoni. Nilimwambia asimchukie baba, ni mgonjwa. Nilimwambia baba akifika Jumanne yeye ajifiche, yeye peke yake, wengine waache watobolewe. 

"Na mama yangu?" Kabula akauliza.

Sikuwa nimemfikiria mama yake. Nilimjibu kwamba na yeye anaweza kujificha, lakini basi, wasizidi hapo. Akakubali. Tukashikana vidole vidogo kama tulivyozoea, akaenda kumbebea mama yake kapu.

Jumanne baba alirudi mapema mno, jua bado liko juu. Hakunisalimia. Alimwambia mama, nami nikiwa mlangoni, kwamba amekuta kijiji kitupu, milango wazi, moto unawaka mafigani na chungu kinachemka, watu hakuna. Alipoita, wanaume walitoka msituni na mashoka ya kuchongea mizinga ya nyuki. Walimtaka avue koti. Walipouona waya mmoja wao alilia kwa sauti. Walimwambia babu zao walichukuliwa utumwani kwa njia hiyo hiyo na watu waliokuja na maneno mazuri, wao hawatachukuliwa tena. Mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyejitia kati, akamrudishia koti akamwomba aondoke na asirudi. Baba alikaa kwenye kigoda, akasema anachotaka kujua ni mtu gani aliyewapandikizia maneno hayo, kwa sababu mtu huyo amewaua.

Nilikwenda kwenye pikipiki. Sanduku lilikuwa limefunguka, vioo vyote vyeupe, safi, hakuna tone. Koti alikuwa amelitupa juu ya kiti. Nililigusa nikijua nitakachokuta, na sikukikuta. Lilikuwa la moto kabisa, hadi kwenye kola.

Nilielewa palepale, sitasingizia utoto. Nilisimama nimeshika koti la moto na sanduku lisilo na tone la damu liko mbele yangu, nikajua nimekosea. Nikajua pia kwamba nikiingia ndani nikasema, baba atamtuma mtu, atakwenda mjumbe, wataniita hata mimi mwenyewe niwaambie wale watu kwamba ni maneno ya mtoto. Niliingia ndani. Mama alikuwa anamkanda baba mabega kwa maji ya moto. Baba alikuwa amefumba macho. Nilipita nikaenda kulala, na kesho yake ilikuwa ngumu zaidi kusema, na keshokutwa zaidi ya hapo.

Jumamosi Kabula hakuja. Wala iliyofuata. Watu wa kijiji kile waliacha kabisa kuja mjini, asali ikaadimika sokoni, na akina mama wakawa wanaulizana kulikoni. Nilikwenda kila Jumamosi kusubiri pale wanapoingilia wauza asali. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unavuma, vumbi linaingia machoni, na mimi nimesimama nikipanga maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana. Shuleni mwalimu, aliyekuwa ameliacha jina lake kwenye daftari la mahudhurio tangu wahamishwe, alilifuta kwa mstari mmoja.

Mwezi wa nane mjumbe alimfuata baba kwa siri. Alisema kuna watu wanne hawaamki vizuri, na mmoja ni mtoto wa kike anayelala akiwa amesimama. Baba aliondoka alfajiri na koti lake. Aliporudi nilikuwa nafagia uani. Niliisikia pikipiki inakuja polepole kuliko kawaida, nikainua kichwa, nikaona baba ana shati tu, midomo imepauka, na mbele yake, juu ya tangi, katikati ya mikono yake, limekaa koti. Ndani ya koti alikuwemo Kabula. Mikono ya koti ilikuwa imefungwa fundo mbele ili asianguke, na mkia wa waya ulikuwa umechomekwa. Kichwa chake kilimlalia baba kifuani. Alikuwa anatoa ile harufu.

Baba hakushuka. Alisimama tu ili mama amletee khanga ya kumfunikia mtoto miguu, kisha aendelee naye hospitali. Alimweleza mama kwa sauti ya chini kwamba mama mtu amemtoa mwenyewe kutoka kwenye kichaka, akamkabidhi akasema, mchukue na huyu, sina nguvu ya kumficha tena. Kabula alifumbua macho akaniona na ufagio wangu. Sijui kama alinitambua. Baada ya kumfikisha, baba alikohoa wiki nzima, mama akahangaika naye na majani ya mkaratusi, akapona. Aliishi mpaka uzee, akafa kitandani kwake, na hakumjua mtu aliyekuwa akimtafuta.

Kabula alikaa wodini siku kumi na moja. Watu wa kijiji kile, walipoona kwamba amepelekwa hospitali, kwamba mama yake ameruhusiwa kumwona na hakuna aliyemkausha damu, walianza kutoka msituni mmojammoja wakatoa vidole vyao. Wengi walipona. Yeye walimwanzishia zile sindano kali za waliochelewa, na mwili haukuziweza.

Siku ya nne mama alinichukua twende kumpelekea uji. Aliitwa na nesi mlangoni, nikabaki peke yangu kando ya kitanda. Kabula alikuwa macho. Alikuwa amebaki macho tu, na alama za mbung'o zilikuwa hazionekani tena shingoni. Maneno yangu niliyoyapanga nilikuwa nayo yote. Akaanza yeye.

"Zena, lile koti la baba yako lina joto kweli," alisema. "Nilikuwa nasikia baridi njia nzima, halafu nikawa sisikii."

Nikamwambia ndiyo.

"Ilikuwa damu ya nani?"

Aliuliza kwa hofu, akiangalia mlangoni, na nikajua anafikiria mama yake. Nilikuwa na ukweli mdomoni. Betri, nilipaswa kusema, ni betri tu, Kabula, nilikosea. Lakini ukweli ule ungemwambia pia kwa nini yuko pale, na nani aliyemweka. Nikawa mwoga mara ya mwisho.

"Yangu," nikasema.

 Akahangaika, akasogea ukutani kwa shida, akainua pembe ya blanketi la hospitali.

"Basi panda huku," akasema. "Utasikia baridi."

Nikapanda.